Asali ana kilo 41 na anachechemea

"Shikamoo daktari. Tuna mbwa jike, Labrador wa rangi ya njano, anaitwa Asali, ana miaka sita. Tunaishi Mbezi, Dar es Salaam. Alifungwa kizazi akiwa na miaka miwili, na kadi yake inaonyesha wakati ule alikuwa na kilo 30. Mwezi uliopita tulimpeleka chanjo, akapimwa kilo 41, nikashtuka. Chakula chake si kingi: bakuli la ugali na dagaa asubuhi, jingine jioni, siku nyingine utumbo, na vitu vidogo vya hapa na pale. Akiamka asubuhi anachechemea mguu wa nyuma wa kulia, akishazunguka kidogo anakaa sawa. Tukienda naye dukani anahema kama aliyekimbizwa. Mume wangu anasema mbwa mnene ni mbwa aliyetunzwa, niache. Mama mkwe anasema kosa letu ni kumfunga kizazi. Jirani kaniambia nimnyime chakula siku mbili kila wiki, akanipa na diclofenac za mumewe. Nimeshampa nusu kidonge mara mbili. Je, ipo dawa ya kumpunguza? Au nianze kumkimbiza? Nikimpunguzia chakula ananitazama mpaka nashindwa."

Marahaba, dada yangu. Nitajibu yote, ila naanza na kile kidonge. Usimpe tena diclofenac, hata robo. Hiyo pamoja na ibuprofen na paracetamol, dawa ambazo kwetu ziko kwenye kila droo, mwili wa mbwa hauzimudu kama wetu. Diclofenac humletea mbwa vidonda vya tumbo na kuumiza figo zake, na kiasi kinachomtuliza mtu kinaweza kumuua mbwa. Kupewa nusu kidonge mara mbili hakumaanishi kwamba ameshaharibika, lakini siku hizi mtazame kwa makini. Akikataa kula, akitapika, akitoa kinyesi cheusi kama lami, fizi zikipauka, au akianza kunywa maji kupita kawaida yake, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo na umwambie wazi alipewa nini na lini. Usione haya. Ulitaka kumpunguzia maumivu, na daktari akijua ukweli ndipo atakapoweza kumsaidia. Zipo dawa za maumivu za mbwa, kama carprofen na meloxicam, lakini nazo hutolewa kwa uzito wake na baada ya kuhakikisha figo na ini viko salama. Hazichanganywi na diclofenac, wala hazitolewi muda mfupi baada yake. Ndiyo maana daktari lazima aambiwe.

Sasa tuje kwenye uzito. Katika barua yako nasikia mambo mawili yanayokusumbua kwa pamoja: kwamba Asali ananenepa wakati wewe huoni kama anakula sana, na kwamba ukimpunguzia utakuwa unamtesa. Yote mawili yana majibu, na ukishaelewa la kwanza, la pili halitakuumiza sana.

Kilo 11 juu ya 30 ni zaidi ya theluthi ya mwili wake. Tuseme wewe una kilo 60. Ni kama umetwishwa ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ukapika nayo, ukapanda nayo ngazi, ukalala nayo, na hakuna anayekutua. Ukimwona Asali amelala barazani mchana kutwa, usiseme amekuwa mvivu. Amechoka, na mguu unamuuma.

Mumeo namwelewa. Mbwa tunaowaona mitaani wengi wamekonda kwa minyoo, kupe na njaa, mbavu unazihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Mtu aliyekulia kwenye mazingira hayo akimwona mbwa aliyejaa, anaona nyumba yenye chakula na moyo. Tatizo ni kwamba tumelizoea umbo la mbwa mnene mpaka tukalichukua kuwa ndilo umbo la mbwa mwenye afya. Mwombe mumeo afanye hivi leo jioni. Afunge ngumi, kisha apitishe vidole vya mkono wa pili juu ya vifundo vya ngumi ile: mbavu za mbwa aliyekonda ndivyo zilivyo. Akunjue ngumi, kiganja kikitazama chini, apapase mgongo wa kiganja: mifupa haionekani sana lakini vidole vinaigusa bila kubonyeza. Mbavu za mbwa mwenye uzito mzuri ziko hivyo. Halafu ageuze kiganja apapase upande wa ndani, pale penye nyama. Baada ya hapo aweke mikono kwenye mbavu za Asali, aseme anafanana na wapi. Amtazame pia kutoka juu. Mbwa mwenye uzito mzuri ana kiuno, pale nyuma ya mbavu panaingia ndani. Sisi madaktari tunatumia kipimo cha 1 hadi 9, ambapo 4 na 5 ndipo pazuri, na kila namba inayopanda juu ya 5 ni kama asilimia 10 ya uzito wa ziada, wakati mwingine zaidi kidogo. Kwa kilo ulizonitajia, nakadiria Asali yuko kwenye 8, na uzito wa kumlenga ni kilo 30 au 31. Una bahati una ile kadi ya zamani. Wengi hunijia bila kumbukumbu yoyote.

Kama bado mumeo ana shaka, mweleze habari ya Labrador 48. Marekani walichukua watoto wa mbwa wa aina hii, wakawapanga wawiliwawili kutoka uzao uleule, mmoja akala kama kawaida na mwenzake akapewa chakula kilekile kikiwa pungufu kwa robo. Wakawafuatilia maisha yao yote, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Waliopunguziwa waliishi miaka 13 kwa wastani wa kati, wenzao miaka 11.2. Yabisi ya viungo nayo iliwachelewa kwa miaka kadhaa. Na kinachonigusa mimi kila ninapoisimulia ni kwamba wale waliokula "kawaida" hawakuwa wanene wa kutisha. Wastani wao ulikuwa karibu na 7 kwenye kile kipimo. Wengi wetu tungewaona na kusema, mbwa mzuri huyo.

Kwa nini basi ananenepa? Mama mkwe hajakosea kabisa. Mbwa akishafungwa kizazi, homoni zinabadilika, mwili wake unahitaji chakula pungufu kwa kama robo hadi theluthi, na wakati huohuo hamu ya kula inaongezeka. Lakini kufunga kizazi peke yake hakutengenezi mafuta. Mafuta yametokana na bakuli kubaki lilelile baada ya upasuaji, na hapo lawama tunastahili sisi madaktari kuliko ninyi, kwa sababu mara nyingi tunashona kidonda, tunaeleza namna ya kukisafisha, tunasahau kuwaambia mpunguze chakula. Kumfunga kizazi mlifanya vizuri. Mmemwepusha na usaha wa mfuko wa uzazi, ugonjwa unaowaua majike wengi wakubwa ambao hawakufungwa.

Jambo la pili ni aina yake. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge wakiongozwa na daktari wa mifugo Eleanor Raffan walionyesha kwamba takriban Labrador mmoja kati ya wanne ana hitilafu kwenye jeni iitwayo POMC. Jeni hiyo hutengeneza ujumbe unaouambia ubongo "nimeshiba." Kipande chake kikikosekana, ujumbe haufiki vizuri. Utafiti wao wa baadaye ukaongeza kwamba mbwa wenye hitilafu hiyo pia hutumia nishati kidogo zaidi wakiwa wamepumzika, na husikia njaa mapema baada ya kula. Sijui kama Asali ni mmoja wao, na kumpima jeni hakutabadilisha matibabu. Ninakueleza haya kwa sababu ya yale macho yake. Huenda hakudanganyi. Huenda kweli anasikia njaa nusu saa baada ya kumaliza bakuli, wakati mwili wake una akiba ya miezi. Ukilijua hilo utamwonea huruma kwa njia inayomsaidia.

Sasa tufanye hesabu ya bakuli, kwa sababu hapa ndipo "chakula si kingi" inapojibiwa. Mbwa anayelenga kilo 31 huhitaji, ili apungue bila kudhoofika, kalori 900 hivi kwa siku nzima. Gramu 100 za unga wa sembe, mkavu kabla ya kusongwa, zina kalori 360. Kwa hiyo robo kilo ya unga peke yake, bila dagaa, bila chochote, imeshamaliza siku yake. Chukua ule unga mnaomsongea, uupime kabla haujaingia kwenye sufuria. Sitashangaa ukikuta ni robo kilo asubuhi na robo nyingine jioni. Kisha ongeza utumbo, ambao una mafuta yanayoning'inia, na kijiko kikubwa cha mafuta yoyote ni kalori 120. Halafu ongeza "vitu vidogo vya hapa na pale."

Hivi vitu vidogo, dada yangu, niviulizie kidogo. Katika nyumba nyingi ninazozijua, mama ndiye anayeamini kwamba anamlisha mbwa. Lakini mtoto anamdondoshea chapati chini ya meza, bibi anamwekea ngozi ya kuku na mafuta ya nyama, mlinzi wa getini anagawana naye andazi saa kumi alfajiri, dada wa kazi anamkwangulia ukoko ili asimkanyage jikoni. Kila mmoja anatoa kidogo, kila mmoja kwa upendo, na kila mmoja hajui mwenzake ametoa. Andazi moja au kipande cha chapati kwa Asali si kitu cha kuonja. Chapati nzima yenye mafuta inaweza kufika robo ya chakula chake cha siku. Kwa hiyo kabla hujabadilisha chochote, bandika karatasi kwenye friji au ukutani jikoni, na kwa siku tatu kila mtu, akiwemo mlinzi, aandike alichompa. Bila kugombezana. Watu wakiogopa kugombezwa hawaandiki, na karatasi isiyo na ukweli haina kazi.

Ukishapata picha hiyo, weka utaratibu mmoja ambao kwangu mimi umezidi dawa zote: chakula cha siku kinapimwa asubuhi na mtu mmoja, kinawekwa kwenye chombo kimoja chenye kifuniko. Mtoto akitaka kumpa, anatoa humo. Bibi akitaka kumpa, humo. Chombo kikiisha, siku imeisha. Hakuna anayenyimwa raha ya kumlisha, ila hakuna kinachoingia kutoka nje. Tenga ndani yake vipande vya karoti au tango kwa ajili ya mlinzi. Labrador hula karoti kwa furaha ileile anayolia andazi, maana kinachomfurahisha ni kupewa.

Kuhusu aina ya chakula una njia tatu, na sitakuficha ugumu wa kila moja. Iliyo bora kitaalamu ni chakula maalumu cha kupunguza uzito, ambacho baadhi ya kliniki za Dar wanacho. Kina protini nyingi, nyuzinyuzi nyingi, na vitamini zimeongezwa ili mbwa akila kidogo asipungukiwe. Ni ghali, na kwa mbwa wa kilo 41 mfuko hauchukui muda kuisha. Njia ya pili ni chakula kikavu cha kawaida cha mbwa wakubwa, kilichopimwa kwa mizani ya jikoni wala si kwa kikombe, kwa sababu mkono wa mwenye huruma huujaza kikombe kwa kilima. Vyakula vingi vya namna hiyo vina kalori 350 hivi kwa gramu 100, kwa hiyo gramu 250 zinamtosha kwa siku. Utaiona ndogo hiyo gramu 250, itakutisha. Tena hapa pana shida kwamba ukipunguza chakula cha kawaida, unapunguza na protini na vitamini zilizomo, na akikaa nacho miezi mingi anaweza kupoteza misuli.

Njia ya tatu, ambayo nadhani ndiyo mtakayoifuata, ni kurekebisha jiko lenu. Geuza uwiano. Ugali uwe mdogo, mboga ziwe nyingi, na protini isiwe ya kuungia ladha tu. Kwa kuanzia ningejaribu unga gramu 80, dagaa wakavu gramu 60 waliolowekwa na kumwagwa maji ili chumvi itoke, nyama isiyo na mafuta gramu 200 ya kuchemsha, na boga, karoti au maharage mabichi ya maganda nusu kilo, vyote vimepikwa bila mafuta, bila chumvi na bila kitunguu. Hapo utakuwa karibu na kalori 900, na bakuli litaonekana limejaa, jambo linalosaidia macho yake na yako. Badilisha polepole kwa siku saba hadi kumi, tumbo lisichafuke. Mlo huu si kamili kwa miezi mingi. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao husaidia upande wa madini ya chokaa, lakini mwombe daktari wako akushauri nyongeza ya vitamini na madini.

Kitunguu nimekitaja makusudi. Mchuzi wa mezani una kitunguu maji na kitunguu saumu, na vyote huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa nayo basi, hasa ya kuku, huvunjika ncha kali. Na kuhusu unga, kuna tabia ya kununua mahindi yaliyoota ukungu au pumba za bei rahisi "kwa ajili ya mbwa." Sumukuvu iliyomo humuua mbwa kwa ini kabla hata ya mtu kuhisi kitu. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125 huko Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na mbwa hana ini gumu kuliko letu. Unga usioufaa mezani kwako usimpe Asali.

Ushauri wa jirani wa kumnyima siku mbili kwa wiki uache. Mbwa mzima akikosa chakula siku moja hafi, hilo ni kweli, lakini mwili ukinyimwa hivyo hula na misuli yake, na misuli ndiyo inayoshikilia lile goti na nyonga zinazomuuma. Halafu siku ya tatu atakula kwa pupa, atachakura jalala, au atamnyang'anya mtoto mkate mkononi. Gawa chakula chake mara tatu badala ya mbili, kiasi cha siku kikiwa kilekile. Jioni moja moja, mwagia fungu lake la chakula kikavu au vipande vya nyama kwenye majani, akitafute kwa pua. Chakula alichokimaliza bakulini kwa dakika moja kitamchukua dakika kumi na tano, na kwa mbwa wa kunusa kama Labrador hiyo ni raha kubwa. Akikutazama kwa yale macho baada ya kula, inuka umswaki manyoya, au mtoke nje kidogo. Mara nyingi alichokuwa anaomba ni wewe.

Dawa ya kupunguza mbwa uzito iliwahi kuwepo. Marekani waliiidhinisha mwaka 2007, ikiitwa dirlotapide. Ilipunguza hamu ya kula, lakini ikisimamishwa, kama nyumba haijabadilika, uzito ulirudi, na haipo tena sokoni. Sindano za watu za kupunguza unene zinazovuma siku hizi usimjaribie.

Na kumkimbiza hapana. Si sasa. Mazoezi peke yake humpunguza mbwa kidogo sana ukilinganisha na bakuli, na kwa mguu ulivyo unaweza kumvunjia kano ya goti ambayo pengine imeshaanza kuchanika. Kuchechemea kunakopungua akishazunguka ndivyo yabisi inavyofanya, na Labrador wana urithi wa nyonga zisizokaa vizuri. Uzito unaumiza kiungo kwa njia mbili. Kwanza mzigo wenyewe. Pili, mafuta ya mwilini si gunia lililokaa tu, hutoa kemikali zinazochochea uvimbe, kwa hiyo kiungo kinaungua taratibu hata akiwa amelala. Lakini hapa pia ndipo pana habari njema kuliko zote nilizonazo. Utafiti uliofanyika Uskoti na kuchapishwa 2010, kwa mbwa wanene wenye yabisi, ulionyesha kuchechemea kunaanza kupungua mbwa akishapoteza kama asilimia 6 tu ya uzito wake. Kwa Asali hiyo ni kilo mbili na nusu. Hutasubiri kilo zote 11 ndipo uone mabadiliko.

Anza na matembezi ya dakika kumi, kwa kamba, mara mbili kwa siku, kwenye udongo au majani. Ukiona kesho yake hakuongeza kuchechemea, ongeza dakika mbili tatu kila wiki. Saa ya kutoka ni muhimu Dar kuliko mahali pengi. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevu kama ya Desemba hadi Machi, kuhema hakupozi vizuri. Ongeza koti la mafuta chini ya ngozi, joto halina pa kutokea. Mtoe kabla ya saa moja asubuhi, na jioni jua likishazama. Akihema bila kutulia, ulimi ukawa mwekundu sana au wa zambarau, akayumba au kutapika, usisubiri: mmwagie maji ya bomba mwili mzima, mpepee, na mpeleke kliniki huku mnaendelea kummwagia. Kiharusi cha joto huua kwa saa chache, na wanene ndio wa kwanza.

Mnakaa jirani na bahari, na Labrador ni mbwa wa maji. Kuogelea taratibu mahali pa kina kifupi, maji yakiwa yametulia, kunajenga misuli bila kubebesha viungo. Dakika tano zinatosha mwanzoni. Mchukulie maji baridi ya kunywa ili asinywe ya chumvi, na umsuuze mkirudi.

Watu wengi wanaogopa kisukari kwa mbwa mnene. Kwa paka hofu hiyo iko mahali pake. Kwa mbwa uhusiano wa moja kwa moja ni mdogo zaidi, kisukari chao kwa kawaida hutokana na kongosho kushindwa kutengeneza insulini. Unachotakiwa kuogopa zaidi ni kongosho kuwaka baada ya mlo wa mafuta mengi, ile siku ya sikukuu ambapo kila mgeni anamtupia kipande. Mbwa anayetapika mfululizo, mgongo ameupinda, tumbo linauma, baada ya karamu, huyo ni wa kliniki usiku huohuo.

Mpime kila wiki, siku ileile, kabla ya mlo wa asubuhi. Mizani ya bafuni haimtoshi kusimama, na kumbeba kilo 41 utaumia mgongo. Duka la nafaka lenye mizani ya jukwaa ya kupimia magunia litakusaidia, au kliniki. Wengi hawatozi kwa kupima tu. Lengo ni apungue asilimia moja ya uzito wake kwa wiki, yaani gramu 400 hivi, na isizidi asilimia mbili. Hesabu miezi sita hadi tisa. Katikati uzito utakwama wiki mbili au tatu, hukwama kwa karibu kila mbwa. Kwanza rudisha ile karatasi ya ukutani siku tatu. Ikiwa kweli hakuna andazi lililopenya, punguza chakula kwa asilimia 5 hadi 10, usizidishe.

Sasa, mambo ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Unene unaotokana na ugonjwa ni wa wachache, lakini upo. Akiwa anatafuta joto wakati wengine wanatafuta kivuli, manyoya ya mkia na ubavuni yananyonyoka bila kujikuna, huenda tezi ya shingo imelegea. Akinywa maji mengi, akikojoa ndani, tumbo likaning'inia na ngozi ikawa nyembamba, tezi zilizo juu ya figo zinaweza kuwa zinatoa homoni kupita kiasi. Akiwa anatumia vidonge vya prednisolone kwa ajili ya ngozi, au phenobarbital kwa kifafa, hizo zenyewe huongeza njaa, ila usizisimamishe mwenyewe. Na tumbo likikua huku mgongo na mbavu vinatokeza, huo si unene. Ni maji au uvimbe, ni moyo au ini, na hapo usimpunguzie chakula, mpeleke.

Hata kama hana dalili yoyote kati ya hizo, Asali anahitaji kuonwa ndani ya wiki hii kwa ajili ya mguu na kwa ajili ya diclofenac aliyokwisha kupewa. Goti litashikwa na kuchezeshwa, huenda na picha ya nyonga ikahitajika, na damu ipimwe figo na ini. Kliniki ya jirani isipokuwa na mashine ya picha, waulize wanampeleka wapi mgonjwa wa namna hiyo. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, nayo ipo. Kama kano ya goti imekatika kabisa, mtazungumzia upasuaji, lakini hata huo hufanikiwa zaidi kwa mbwa aliyepungua.

Siku ya kwenda nenda na ile karatasi ya siku tatu, kidonge cha diclofenac kilichobaki na pakiti yake ili waone miligramu, na mkojo wake wa asubuhi kwenye chupa safi kama utaweza kuukinga. Na kabla hamjatoka nyumbani, mrekodi kwa simu anapoamka na kupiga hatua zake za kwanza kumi. Kliniki mbwa hujikaza, akaingia anatembea kama hana kitu, na daktari asione mguu unaokukosesha usingizi.